Kiatu Kilicholowa Kila Krismasi

Kwaya yetu hufanyia mazoezi baani kwangu, si kanisani, na mtu asidhani ni kwa sababu ya bia. Kanisani mwezi wa Desemba kuna baridi ya kukausha ulimi, na mimi nina jiko la kuni. Haya, bia nayo ipo. Wiki zile za kabla ya Krismasi nyumba hunijaa mpaka watu wanakalia kreti, na sijui raha nyingine inayoishinda hiyo: masoprano wanasengenya karibu na jiko, mabesi wanakunywa, na Mwalimu Vojen anagonga meza kwa penseli akiomba kimya ambacho hakipati.

Tunaimba kitu kimoja tu, misa ya wachungaji aliyotutungia mwalimu wa shule wa hapahapa kijijini, enzi za wafalme. Watu wa vijiji vingine hawaijui, na wala hatuwapi. Ina fidla, ina kinanda, ina tarumbeta mbili, halafu katikati ya Gloria vyote vinanyamaza, na baragumu la mbao, refu kumshinda anayelipuliza, linaita kama mchungaji anayeita wenzake kutoka mlima wa pili. Ni sauti chache tu, lakini hapo ndipo Krismasi inapoingia. Kabla ya hapo ni kukaanga na kupiga deki.

Aliyelipuliza miaka yote ni Otakar seremala, na kabla yake baba yake. Mkewe, Blažena, ni alto kama mimi, na nafasi yake ilikuwa ubavuni pa mumewe. Kila mwaka mambo yalikuwa yaleyale: baragumu likimaliza kuita, Otakar analiinamisha, na tone la maji linamdondokea Blažena kiatuni. Naye anavuta mguu na kumfinya mumewe mbavuni. "Unanitemea mate tena, mzee!" Sisi maalto tunauma midomo tusicheke mbele ya padri.

Mwaka huu tulimzika Otakar wakati wa mavuno. Tangu siku ile Blažena hakukanyaga baani. Kwa hiyo alasiri ya mazoezi ya mwisho, siku moja kabla ya mkesha, mlango ulipofunguka akaingia amebeba kitu kirefu ndani ya blanketi, hata masoprano walinyamaza.

"Nimelileta," alisema. "Luboš alipulize."

Luboš ni mume wangu. Anapiga tuba kwenye bendi ya zimamoto, na kama kuna kitu Mungu hakumnyima ni mapafu. Akalipokea, akalipangusa kwa mkono wa shati, akavuta pumzi. Jamani! Ilitoka sauti ya bata mzee mwenye pumu. Akajaribu tena, akawa mwekundu kama bitiruti, upepo ukapita pembeni, katikati, kila mahali isipokuwa mbele.

"Hili limekufa," Luboš akasema, kisha akakumbuka yuko mbele ya nani. "Samahani, shemeji."

Mwalimu Vojen akakohoa. Ni mtu mwema, ila akiona aibu huongea kama anasoma tangazo. "Mama Blažena, sehemu ile itapigwa na tarumbeta. Watu hawatatambua tofauti."

"Mimi nitaitambua."

"Misa ni keshokutwa, mama. Nifanye nini?"

"Mwalimu, mazishi mlipanga nyinyi, sikusema kitu. Jiwe la kaburi wamechagua watoto, nikakubali. Hiki kimoja ndicho ninachokitaka: kulisikia tena. Kama halitalia, mimi nabaki nyumbani, na mtaimba bila mimi."

Hakupandisha sauti. Ninamfahamu Blažena tangu tunaiba plamu za padri; akipiga kelele hana neno, akisema polepole ujue amemaliza. Mwalimu naye aliliona hilo. "Basi. Likilia kesho mpaka saa sita mchana, litapigwa. Lisipolia, ni tarumbeta."

Wengine walipoondoka, tulibaki watatu mezani. Luboš alilisimamisha baragumu akalitikisa, eti huenda panya wamejenga humo. Hakutoka panya. Kilichoanguka juu ya kitambaa changu cha meza kilikuwa kitu chembamba, cha mviringo, kinachong'aa. Gamba la samaki, limekauka kitambo.

"Mumeo alikuwa anavua kwa baragumu?" nikamuuliza Blažena.

"Otakar? Huyo hata kumwua samaki hawezi. Si unajua?"

Nilijua, nani hakujua? Hapa kwetu samaki wa Krismasi hununuliwa akiwa hai kutoka mabwawani, akakaa kwenye hodhi la kuogea mpaka mkesha, na familia nzima hukaa bila kuoga. Na kila mwaka, siku kama ile, Otakar alikuwa akijifungia bafuni na samaki wake mchana kutwa. Akitoka, mikono ya shati imelowa mpaka kwenye viwiko. Kijiji kizima tulijua kwamba anamuaga samaki, kwamba ana roho ya huruma. Kisa hicho nimekisimulia mimi mwenyewe hapa baani mara nyingi, na kila mara nikikiongezea chumvi kidogo. Kuna mwaka niliwafanya yeye na samaki waimbe pamoja.

Luboš alikuwa bado anageuzageuza lile gamba. "Radka," akaniambia, "pipa lako la mbao la kuchachushia kabichi, kabla hujalijaza, unalifanyaje?"

"Naliloweka. Mbao zivimbe, zibanane. La sivyo litavu—"

Sikumaliza. Tulimgeukia Blažena sote wawili, naye ameziba mdomo kwa kiganja.

"Mungu wangu," akasema. "Nilimkataza."

"Ulimkataza nini, shoga?"

"Mwaka tulipooana. Niliingia bafuni nikalikuta hili dude limelala kwenye hodhi langu jipya, na uchafu wake wote wa miaka ya baba mkwe. Nikamwambia, likiingia tena humu, utalala nalo banda la mbao. Akaniambia tu, sawa, mama." Akaanza kucheka, machozi yakimtoka. "Na mimi kila mwaka nampelekea chai mlangoni! Namwambia, Otakar, usimlilie, ni samaki tu! Naye ananijibu, niache kidogo, bado hatujamaliza!"

"Mjanja yule!" Luboš akapiga meza. "Mjanja wa kutupwa!"

Tulikwenda kwake palepale. Hodhi lilikuwa na mwenyewe, samaki mkubwa ajabu, mgongo mpana kama kiatu cha kutembelea juu ya theluji.

"Nilinunua kwa mazoea," Blažena akasema. "Sijui nilifikiri nitamla na nani."

"Na sisi," nikasema. "Tukiwa wengi. Niachie mimi."

Baragumu halikuingia lote. Luboš alilazimika kukaa kwenye kigoda, analizamisha upande mmoja, kisha analigeuza upande wa pili, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Samaki alikuja, akalinusa, akakaa kando yake ametulia kama anayemfahamu mgeni wa kila mwaka. Blažena alileta chai mlangoni. Alisimama pale na kikombe chake, nami kwa mara ya kwanza maishani sikuongeza neno.

Kesho yake kabla ya saa sita Luboš alisimama uani akapuliza. Mara ya kwanza yalitoka maji. Mara ya pili ilitoka ile sauti, nene, ya joto, ikavuka bustani na paa la kanisa, mbwa wote wakabweka. Mwalimu Vojen alitoka barazani kwake na povu la kunyolea upande mmoja wa uso, akainua mikono yote miwili kama anayeongoza okestra.

Jioni ile tulimla yule samaki kwa Blažena, na saladi ya viazi ya mabakuli matatu, watu wamekaa hadi kwenye ngazi. Baragumu lilikuwa limerudi hodhini, sasa peke yake, mlango wa bafu wazi. Blažena aliweka gamba chini ya kila sahani, la bahati, kama ilivyo desturi. Lile kavu aliliweka chini ya sahani yake.

Asubuhi ya Krismasi kanisa lilijaa, pumzi zetu zikitoka kama moshi. Gloria ilifika mahali pake. Fidla zikanyamaza, kinanda kikanyamaza. Luboš, kwenye nafasi ya Otakar, akaliinua baragumu, na likaita. Sitaeleza zaidi, mliokuwapo mnajua, na msiokuwapo mje mwakani, nafasi ipo. Nitasema tu kwamba kutoka roshani ya kwaya, chini kwenye viti vya nyuma, niliona wanaume wakipeleka mkono kichwani kuvua kofia ambazo walishazivua.

Kisha Luboš akaliinamisha. Nililiona tone likijikusanya kwenye mdomo wa mbao, na Blažena alikuwa akilitazama pia. Alikuwa na nafasi ya kutosha kuusogeza mguu.

Hakuusogeza. Tone likaangukia kiatuni, pa!, naye akatabasamu na kuingia kwenye sauti ya alto, kabla yetu sote.