Filmahi wa Sefidrud

Miaka mitatu hatukupata filmahi jike wa baharini, yule samaki mkubwa wa mayai meusi. Mabwawa yetu ya kuzalishia yalikaa matupu, na wakubwa wakasema msimu huu nao ukipita hivyo, tufunge. Nilikuwa na hasira nao, na sikuificha. Filmahi alikuwako kabla ya binadamu. Ndiye anayekula samaki wengine na kuiweka bahari sawa, na akitoweka, bahari nzima itayumba.

Baba mkwe wangu, Sabzali, alivua miaka arobaini. Zamani samaki alipopandishwa mashuani alipigwa kichwani papo hapo, asijitupetupe akayaharibu mayai ya kuuza. Sasa sharti aletwe hai kwetu bwawani. Nilimkumbusha kila asubuhi, mpaka akaniuliza kama niliolewa na mwanawe ili nije kumfundisha kuvua.

Asubuhi moja ya mvua, mlangoni mwa mto Sefidrud, wavu ukaja mzito. Alikuwa jike, mrefu karibu mara mbili yangu, tumbo limejaa, mgongoni safu ya magamba magumu ya mfupa. Jike kama huyo hukaa miaka zaidi ya kumi na tano kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Tulipomwinua kichwa, akapiga mkia. Mkono wa Sabzali ukanyakua kasia, ukashuka.

Pigo lilikuwa moja tu. Akabaki analitazama kasia kama si lake.

Nilimpasua ufukweni haraka, nikiomba mayai yawe yameiva, maana tungeweza bado kuyachanganya na mbegu za dume. Nikachemsha machache na kuyakata, ndivyo tunavyoyapima. Bado machanga. Alihitaji siku chache tu bwawani.

Parviz, mwenzangu wa kazi, akaleta chumvi ya kuyahifadhi mayai yauzwe. Simlaumu, ndivyo tulivyolelewa. Sabzali akamzuia kwa mkono.

"Mshone," akaniambia.

"Baba, amekufa."

"Si ndivyo mnavyowafanya wale wa bwawani? Mnapasua, mnatoa mayai, mnashona, mnawarudisha majini. Mshone, mwanangu."

Nilikuwa na maneno makali tele, na alistahili kila moja. Kisha nikamwona anapiga magoti matopeni na kuanza kuyarudisha mayai tumboni, konzi kwa konzi, asidondoshe hata moja. Nikatia uzi kwenye sindano. Yeye akaishika ngozi ikutane, mimi nikashona.