Majani ya Jumanne

Saa mbili na robo asubuhi mwonjaji alipanga vikombe saba mezani, vyeupe, vya ukubwa mmoja, akavigeuza vishikio vyake vyote vitazame dirishani. Akapima majani kwenye mizani ndogo, gramu tatu kwa kila kikombe, bila kuzidi wala kupungua, akabandika birika. Kuume kwake aliweka ndoo ya kutemea. Alikuwa ameonja chai katika kiwanda kile kwa miaka thelathini, vikombe mia kwa siku msimu ukichangamka, na hakuwahi kumeza hata tone. Nyumbani alikunywa maji ya moto, tena bila sukari.

Sababu ya kutema ilijulikana na kila mtu. Chai isiyotiwa kiungo, ukiivuta kinywani, hukusemesha maneno ya mtu wa mwisho aliyeyashika majani yake, kwa sauti yake mwenyewe. Ukitema, ni sentensi moja tu, imekwisha, unafuta midomo na kuandika daftarini. Ukimeza, sauti hukaa mpaka imalize yote iliyokuja nayo. Mwonjaji aliyemtangulia alichekeshwa siku moja chai ikiwa kinywani, akameza funda la bibi mmoja mpepetaji aliyekuwa na ugomvi wa mpaka na jirani yake. Alistaafu akiwa bado anagombania huo mpaka, na shamba hakuwa nalo.

Ndiyo maana kiwanda kilianza kutia viungo. Kwenye makopo waliandika kwamba ni kwa ajili ya ladha, na wateja wakaamini, maana wateja ni watu wema. Ukweli ni kwamba karafuu huitia sauti ganzi. Tangawizi huikohoza. Limau huikata vipande, vanila huiachia wimbo bila maneno, na mdalasini huifanya izungumzie hali ya hewa tu, kama wageni waliokosa la kusema. Hiliki ndiyo bora kuliko zote: ikikolea, mtu husikia raha na hasikii kingine.

Kazi ya kutia viungo ilikuwa ya mchanganyaji, mzee mwembamba aliyeitwa Karafuu kwa jinsi alivyonukia, hata akitoka kuoga. Yeye na mwonjaji walitaniana tangu ujana. Karafuu alikuwa akisema angemuoa zamani sana, ila aliogopa ulimi wake: mwanamke huyu angemwonja mtu shavuni na kujua alikotoka. Asubuhi hiyo hakutania. Aliingia na sinia la vifuko sita vya viungo, akaviweka kimoja kimoja mbele ya vikombe kuanzia cha pili, akasema kwa sauti ya chini, huku akitazama dirishani, "Cha saba usikiharakishe."

Mwonjaji akaitikia kwa kichwa.

Siku kumi zilikuwa zimepita tangu mdogo wake asirudi nyumbani. Mdogo wake alifanya kazi chumba cha kukaushia, peke yake zamu ya mchana, akimwaga majani kwenye trei za jiko kubwa na kuyageuza kwa mikono. Mlango wa chumba kile ulifungwa kwa komeo kutoka nje kila zamu ilipoanza, ili majani yasitoke ndani ya mifuko ya watu. Jumanne ile saa ya kutoka ilifika, mlango ukafunguliwa, na ofisi ikasema mdogo wake ameacha kazi. Walionyesha barua. Barua ilikuwa fupi na imetiwa alama ya dole gumba. Mdogo wake mwonjaji alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa meneja, na alipenda kusema hivyo mbele ya watu.

Mama yao hakulia. Kila siku alimwandalia sahani yake, akaifunika, na mwonjaji alipoingia alimuuliza, "Hujamsikia?" Maana majani yakishakaushwa hupumzishwa maguniani siku kumi kabla ya kuonjwa, huo ndio utaratibu, na mama naye aliwahi kufanya kazi kiwandani hapo na kuhesabu anajua. Leo asubuhi alimwagiza neno moja tu akiwa anafunga kilemba: "Ukimsikia, usimkatize. Yule akikatizwa hununa."

Saa nne kasoro dakika tano viatu vya meneja vikasikika ukumbini. Vilikuwa viatu vya gharama na vililia kama kitoto cha ndege kila alipokanyaga, kimoja zaidi ya kingine. Nyuma yake walikuwa wanunuzi wawili, mmoja mrefu, mmoja mwenye daftari. Meneja aliwakalisha, akasema hayo ndiyo majani ya Jumanne waliyoyaulizia, yenye rangi ya kupendeza. Kisha akamwambia mwonjaji kwamba kikombe cha kwanza, kile kisicho na kiungo ambacho vingine hulinganishwa nacho, atakipima upya yeye mwenyewe, akabadilisha majani yake. Katika miaka yote hiyo meneja hakuwahi kupima hata chumvi.

Mwonjaji akatia viungo, akamimina maji. Akageuza saa ya mchanga. Dakika sita watu watano walitazama mchanga ukishuka.

Mwonjaji alichota kijiko cha kikombe cha kwanza, akavuta kwa mlio ule wa waonjaji unaosikika hadi uani, akasema kwa sauti nene ya kiume, "Jino hili litanimaliza." Akatema. Wanunuzi wakatikisa vichwa kwa heshima. Lakini jino hilo alilijua. Lilikuwa la mzee wa jiko aliyestaafu mwaka juzi; jino lenyewe lilikwisha kung'olewa na pengo lake lilifanya mluzi akisalimia. Hayo hayakuwa majani ya Jumanne. Mwonjaji aliandika daftarini: jino. Akasuuza kijiko.

Cha pili kilikuwa karafuu. Kimya, na ulimi mzito. Akatema.

Cha tatu, mdalasini, kilimtoa sauti ya kike, nyembamba, ya haraka. "Ukungu umekuwa mzito," ikasema, "na humu ndani." Mnunuzi mrefu akasema inapendeza, inakumbusha asubuhi ya baridi. Mwonjaji akatema. Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, na hilo halikuwa kawaida yake.

Meneja akasogea karibu kidogo. Kiatu kikalia.

Cha nne, tangawizi, ilikuwa kikohozi kitupu. Alikohoa mara tisa mfululizo, akashika meza, akatema. Cha tano, vanila, kikamtoa wimbo usio na maneno, ule mama yao alioimba akifua na mdogo wake akauiga tangu ana miaka mitatu, akikosea mahali palepale pa katikati. Safari hii uliimbwa mbio, kama mtu anayeimba ili asisikie kitu kingine. Palipokosewa pakakosewa. Mwonjaji akatema, akabaki ameinama juu ya ndoo kwa muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji.

"Uko sawa, mama?" akauliza mwenye daftari.

"Vanila imezidi," mwonjaji akajibu.

Cha sita kilikuwa limau. Kikasema, "Ko," kisha, "meo," kisha kitambo kikapita, "nje." Meneja akasema limau nyingine huwa kali, akaomba waishie hapo, wageni wamechoka. Wageni walisema hawajachoka. Basi meneja akaichukua ndoo mwenyewe, akaibeba kwa mikono miwili na kuishika chini ya kidevu cha mwonjaji, kama muuguzi.

Kifuko cha kikombe cha saba kiliandikwa hiliki. Juu ya chai ilielea punje moja nzima, haijapasuliwa hata ganda. Karafuu alikuwa akitazama dirishani bado, ingawa nje palikuwa na ukuta.

Mwonjaji akachota, akavuta. Kinywa chake kikasema, chai ikiwa bado ndani yake, "Dada, usiteme."

"Tema," akasema meneja.

Ndoo ilikuwa imegusa kidevu. Miaka thelathini koo lake halikujua njia ya chai, na sasa lilikataa. Akakumbuka kilemba cha mama. Akalilazimisha, akameza, na funda likashuka kwa sauti iliyosikika chumba kizima.

"Ahsante," sauti ya mdogo wake ikasema. "Najua umezoea kutema. Sasa sikiliza, jiko limerudisha moshi. Nimegonga mlango kwa ngumi, nimegonga kwa koleo, na komeo liko nje kama siku zote. Meneja anapita ukumbini, namjua kwa viatu. Vimefika mlangoni. Vimesimama. Nimemwambia, bwana, ni mimi, fungua kidogo tu, nikague, sina hata jani moja mfukoni. Bado vimesimama. Sasa vinakwenda zake, polepole, cha kulia kinalia zaidi. Haya majani nimeyakumbatia kwa mikono miwili kwa kuwa najua meza yatakayofika. Yaliyobaki ni ya mama."

Hapo ikanyamaza. Meneja akahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na kiatu cha kulia kikalia. Wanunuzi wakakitazama kiatu, kisha wakakitazama kikombe.

"Hii ni ipi?" mrefu akauliza.

"Hiliki," akajibu Karafuu.

Mwenye daftari alisema hii inakaa kooni, hajapata kuona chai inayokaa hivyo. Mrefu alikubali. Wateja wao, akaeleza, hunywa asubuhi kabla ya kazi na hawachukii chai yenye maelezo kidogo. Aliuliza tu kama hayo makelele ya kugonga mlango yanaweza kupunguzwa. Meneja alisema yanaweza, ni suala la mdalasini. Wakayachukua magunia yote ya Jumanne.

Mwonjaji alimuuliza meneja mdogo wake wamemweka wapi. Meneja akasema kwa upole kwamba barua ya kuacha kazi iko ofisini, yeyote anaweza kuiona.

"Mdogo wangu anajua kuandika."

"Labda siku hiyo alichoka," akasema meneja.

Majani yenyewe hayakujua kilichofuata, kwa sababu mikono iliyoyashika ilikuwa imeishia hapo.

Fomu ya mauzo ilihitaji saini ya mwonjaji. Mwonjaji alikunja mikono, akasema hatii saini. Wanunuzi wakatazamana. Meneja alisema hilo halina shida, akatoa mfukoni kidau kidogo cha wino, akakifungua, akabonyeza dole gumba lake mwenyewe mahali palipoandikwa jina la mwonjaji, akalifuta dole kwa leso. Leso ilikuwa na madoa mengi ya namna ile, mengine ya zamani.

Mchana mwonjaji alipita kituo cha polisi. Askari wa zamu alimsikiliza vizuri, akamwandalia kiti, akaandika: shahidi, kikombe kimoja cha chai. Akaomba shahidi aletwe. Mwonjaji alipomwambia amemmeza, askari akauliza kama kuna shahidi mwingine wa aina hiyo, akaambiwa magunia yameshapakiwa. Akafunga jalada, akampa pole, akamwomba akipata majani mengine asiyatie viungo.

Nyumbani mama alikuwa amekaa mezani mbele ya sahani tatu. Hakuuliza. Aliona jinsi binti yake alivyoingia, amefumba mdomo kama mtu aliyebeba maji.

"Shikamoo mama," sauti ya mdogo ikasema.

"Marahaba. Umechelewa."

"Nimechelewa. Mama, ile sufuria yako kubwa, ile niliyokwambia imeibwa. Haikuibwa. Niliiunguza nikaitupa nyuma ya choo."

"Nilijua," akasema mama. "Mwizi gani anaiba sufuria na kuacha mfuniko?"

Sauti ikacheka, ule mcheko wake wa puani. Ikasema pia kwamba sweta jipya apewe dada, asiligombee na mtu, ingawa litambana kifuani. Kisha ikaimba ule wimbo, polepole safari hii, na ilipofika pale pa katikati mama akaingilia na kupaimba sawasawa. Wakamaliza pamoja. Baada ya hapo mwonjaji alifungua mdomo na kilichotoka ni sauti yake mwenyewe, nzito, ikisema chakula kinapoa.

Walikula. Mama aliichukua sahani ya tatu, akaiosha, akaifuta, akairudisha mezani, akaifunika.

Juma lililofuata kiwanda kilipata mwanamke mpya wa chumba cha kukaushia, mchangamfu, naye anajua kuandika. Karafuu alihamishiwa ghalani, na mchanganyaji mgeni akaletewa gunia zima la mdalasini. Meneja alisema wateja wamesifu chai ya Jumanne ila bado wanasikia kitu kinakwaruza kwa mbali, na yeye ni mtu wa kusikiliza wateja. Akaagiza komeo lipakwe mafuta. Viatu navyo alivibadilisha, akanunua vyenye soli laini.

Jumanne saa mbili na robo mwonjaji alipanga vikombe saba, akageuza vishikio vyake vitazame dirishani, akapima gramu tatu. Ndoo aliisukuma kwa mguu mpaka mbali, chini ya dirisha. Akatega sikio upande wa ukumbi, maana ilikuwa saa ya zamu kuanza na mwanamke mpya alikuwa ameshaingia. Alitega muda mrefu, birika likachemka, likamwagika. Mlango ulifungwa kwa nje kama siku zote, na hakusikia kitu.