Waliohama Muundi

Jumanne asubuhi Limaiko alikuwa sakafuni akiponda majani ya mkadi ya kusukia mikeka kwa mchi wa kombe. Mwanawe Telmina alilala pembeni, miguu wazi kwa sababu ya joto. Hapo ndipo mama wa damu wa kwanza alipotoka kwenye muundi wa Telmina. Alikuwa na ukubwa wa punje ya mchele, na kwapani alibana mkeka uliokunjwa. Alikung'uta vumbi la chokaa kwenye gauni lake, akasalimu "Yokwe," akauliza kama kuna kivuli.

Limaiko alimsogezea jani. "Kaa hapa, mama. Uko peke yako?"

"Wenzangu wako nyuma. Wanafunga mizigo."

Hadi shelisheli lilipoiva motoni, walikuwa wameshajaa jani zima na wanabanana. Telmina, ambaye midomo yake haikuwa na rangi kwa miezi mitatu sasa, alijiinua kwa kiwiko akawatazama. "Kumbe ndio wanaoniwasha," akasema, akajikuna, akalala tena.

Anwel, mtoto wa kaka yake Limaiko, alikuwa nesi hospitali ya Majuro, mji wanamoishi sasa. Alipita baada ya kazi na kuchuchumaa karibu na jani bila kuvua viatu, jambo ambalo shangazi yake alilisema palepale.

"Samahani, shangazi. Hawa mama wa damu ni seli za shina," alisema akivua. "Damu yote ya mtu inazaliwa na hawa. Wakiisha wao, Telmina ameisha."

"Sasa mbona wamehama?"

"Si hao hapo? Waulize wenyewe."

Mama wa kwanza hakuhitaji kubembelezwa. Alisema ndani ya uboho wa mfupa kila mmoja wao alikuwa na kona yake, na kila kona ilikuwa na majirani. Ukutani walikaa wajenzi wa mfupa, waliowashika mkono ili wasichukuliwe na mkondo wa damu. Kando ya vijishipa waliishi wanawake wengine waliowaletea chakula na habari: leo amkeni mzae, mtu amejikata; leo laleni, hakuna shida. Kazi kubwa ya mama wa damu, alisema, ni kulala. Asiyepata mahali pa kulala huzaa hovyo, au huchoka na kufa.

"Na majirani wako wapi?"

"Wamekufa. Kuna mgeni ndani ya ukuta. Alikuja amejifanya chokaa, wajenzi wakampokea, wakamjengea humohumo. Anatoa moto mchana na usiku, na hatoki."

Anwel alishika kichwa. "Ndiyo maana wale wa dada yake Telmina, waliopandikizwa, hawakushika. Kule hospitali ya Honolulu walimtilia mbegu nzima, nzuri kabisa. Daktari akalaumu mbegu."

"Wa dada yake ni sisi," ilisema sauti kutoka ukingo wa jani. Walikuwa kundi dogo, na mikeka yao ilikuwa bado mipya. "Tulikaribishwa vizuri. Lakini pa kukaa hapakuwepo."

Limaiko aliinama juu ya majani yake na kuponda kwa nguvu kuliko yalivyohitaji. Alimjua mgeni yule. Mimba ya kumzaa Telmina ilimkuta kisiwani kwao, Likmar, mwaka wa pili tangu serikali ile ya mbali, iliyolipua mabomu yake kaskazini mwa kisiwa, iwaambie rudini kwenu, pako salama. Mimba ile ilitaka kaa wa nazi, na kwao mjamzito hanyimwi kitu. Kaka yake aliwinda kaa kila wiki. Limaiko alikula nyama, akanywa supu, akafyonza hata magamba, kisha akanyonyesha miaka miwili. Mifupa ya mwanawe aliijenga kwa kaa wale, kwa mikono yake, huku akimwimbia. Siku moja meli ikaja kuwatoa upya na mtu mmoja akawaambia kwamba hawakupaswa kula kaa, maana wamejaa sumu ya mabomu. Alilisema hilo akiwa ameshapanda ngazi ya meli. Limaiko hajawahi kuwasamehe na hana mpango huo.

Jioni hiyo alianza kusuka. Alisuka mkeka wa upana wa mtu mmoja. Katika kila kona ya ukili aliacha kijumba, akafunga ndani yake uzi mmoja wa kushikilia, badala ya mikono ya wajenzi. Kazi ilimchukua siku tisa, na Telmina alizidi kufifia hadi kucha. Siku ya kumi mama wa damu waliingia mmojammoja, wakapapasa kuta, wakatandika. Wa kwanza alishika uzi wake. "Hapa pako baridi," akasema, akalala.

Telmina alilazwa juu yao. Baada ya wiki midomo yake ilipata rangi, na akaomba wali na samaki. Damu ilipanda kutoka mkekani na kuingia kwenye muundi kila alfajiri, kimya kimya. Akishuka mkekani hata kwenda mlangoni, ilisimama.

"Basi ndio nitakaa hapa," alisema.

"Kwa sasa," mama yake alisema.

"Mama, usinidanganye kama wale."

Limaiko alinyoosha ukingo wa mkeka.

Mwezi uliofuata akaja Bwana Pruett wa ofisi ya makao ya serikali ile ya mbali, inayorudisha watu Likmar, mwenye soksi ndefu na bahasha chini ya mkono. Alisema nyumba za Likmar zilikuwa tayari, mabati mapya, rangi ya samawati. Udongo wa kuzunguka nyumba ulikuwa umekwanguliwa na kubadilishwa. Udongo wa kule msituni wanakokaa kaa ulikuwa umeachwa.

"Kaa wanajua mpaka uko wapi?" Limaiko aliuliza.

"Vipimo vinaonyesha kisiwa kinakalika, mama."

Aliona mkeka, akauliza. Aliposikia habari za mama wa damu alichuchumaa, akawatazama kwa miwani, akaandika. Alisema kwa mujibu wa vipimo hata mfupa wa binti unakalika. Ofisi ingeweza kufadhili kukwangua mfupa upande wa goti, na wahusika walio mkekani wangetakiwa kurudi makwao.

"Goti tu?" Telmina aliuliza kutoka chini.

"Goti ndilo linalotumika zaidi."

Limaiko angeweza kumpiga kwa mchi, na Anwel, aliyekuwa mlangoni, alisogea akidhani hivyo. Badala yake Limaiko aliingia jikoni. Wiki hiyo kaka yake, aliyeajiriwa na wakwanguaji wa udongo, alikuwa amemtumia kaa wa nazi wa Likmar kwa meli, na ujumbe: onja ladha ya nyumbani. Limaiko alikuwa amemchemsha, akashindwa kumla na akashindwa kumtupa. Alimweka mbele ya Bwana Pruett kwenye sahani nzuri, na ndimu pembeni.

"Wa kisiwani kwetu," alisema. "Kuko salama?"

"Salama kabisa."

"Karibu chakula."

Bwana Pruett alimtazama kaa. Mkekani mama wa damu waliamka wote, wakaegemea viwiko.

"Ahsante, mama. Nimeshakula."

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Ilisema mgonjwa amepata makao mbadala yanayoridhisha, na faili limefungwa. Familia kumi na nne zilipanda meli ya kwanza kurudi Likmar, miongoni mwao wajawazito wawili. Limaiko alikwenda bandarini akamwambia kila mmoja, kwa jina lake, asiguse kaa. Walimkumbatia, wakasema ofisi imewaonyesha vipimo. Alirudi nyumbani, akaanza mkeka mwingine, kisha mwingine.

Telmina bado analala mkekani, hatua moja kwa mbili. Kaa naye yuko mezani, amefunikwa kwa kitambaa safi. Haozi. Kila anapokuja mtu wa ofisi, Limaiko humkaribisha kiti, humuuliza kama kisiwa kiko salama, na akishajibiwa hufunua sahani.

Wote wameshakula.