Wifi na Benchi la Piano

Watu husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Uongo mtupu! Mimi mwaka ule nilinenepa, maana kila wifi yangu Eulalie alipokuja kupiga piano na mume wangu, mimi nilijifungia jikoni nikaila keki ya tufaha niliyowaokea wao.

Mume wangu ni Anselme Vaudrey, mtunzi wa muziki. Tulikuwa tunakaa mtaa wa Batignolles, ghorofa ya juu kabisa, na piano yetu iliingizwa dirishani kwa kamba huku mtaa mzima ukitazama. Mwaka huo Anselme alikuwa akitunga mfululizo wa vipande vya piano juu ya utoto wake kule kwao Nevers. Akauita Alhamisi za Utotoni, kwa kuwa Alhamisi ndiyo siku watoto wa huku hawaendi shule. Ulikuwa muziki wa watu wawili kwenye piano moja. Yeye alikaa kushoto, kwenye sauti nene, na miguu yake kwenye pedali. Kulia, kwenye sauti nyembamba ambako wimbo wenyewe uko, alikaa nani? Wifi. Benchi moja, viwiko vikigusana.

Mimi piano siijui. Baba yangu alikuwa fundi kofia, na nyumbani kwetu kilichopigwa ni pasi. Kwa hiyo kila Alhamisi mchana nilibaki kusikiliza nyuma ya mlango.

"Mdogo wangu, taratibu hapo, utamwamsha kuku!" Eulalie anasema, na wote wawili wanaangua kicheko mpaka muziki unakatika.

Naingia na kahawa. "Kuku gani huyo?"

"Aa, wifi, tuanzie wapi?" anajibu huku anajifuta machozi. "Mambo ya kwetu hayo."

Ya kwetu! Mashati yake nafua mimi, kikohozi chake nakiuguza mimi, halafu kwao mimi mgeni! Roho iliniuma, nasema kweli. Angekuwa mwanamke wa nje ningemngoja ngazini nimpe vidonge vyake. Lakini dada wa mume utamfanya nini? Unamwongezea sukari.

Kisa cha kuku nilikipata vipandevipande, kwa sikio langu mwenyewe. Wakiwa watoto walimwiba kuku wa shangazi yao Ursule asichinjwe Jumapili, wakamficha ndani ya piano. Wageni wakaja, mama yao akakaa kupiga muziki wa dansi, na kuku akaitikia toka ndani. Walipofunua kifuniko wakakuta yai juu ya nyuzi. Basi kipande cha pili kilikuwa hicho, kikaitwa Kuku, na hata mimi nisiyejua kitu nilisikia mle kuku akitaga.

Sasa kuna jambo la jina. Muziki ukichapishwa, juu yake huandikwa jina la mtu aliyetunukiwa. Mchapishaji, Bwana Lhermitte, alikuwa anangoja jina hilo tu. Asubuhi moja tukinywa kahawa nikamuuliza Anselme, "Utaandika la nani?"

"La dada. La nani tena?"

Nikaliweka birika chini. "Vizuri. Na mashati umpelekee dada huyohuyo."

"Léontine, usiwe mtoto."

"Ndiyo kosa langu hilo! Ningekuwa mtoto nawe, si ningeshapata kipande changu? Kuku kapata! Ngazi ya darini imepata! Mimi mkeo nimepata nini?"

Akachovya mkate kwenye kahawa. Nikagoma. Sikupika, sikusema, nikapita humu ndani kama upepo wa baridi. Mwisho akasalimu amri. Ukurasa wa kwanza ukachapwa: Kwa mke wangu Léontine. Eulalie alipooneshwa alisema tu, "Hewala," kisha akamsahihishia mdogo wake kosa moja kwenye ukurasa wa tano.

Muziki ulisikika hadharani mara ya kwanza mchana mmoja sebuleni kwa Bibi Chastaing, tajiri anayependa wasanii na kupendwa nao zaidi. Nilivaa hariri ya bluu. Anselme na dada yake walipiga, na watu wakapiga makofi mpaka vikombe vikalia. Lakini baadaye watu walimzunguka nani? Mimi. Si jina langu ndilo lililokuwa pale juu?

"Bibi Vaudrey," akasema mwenye nyumba, "basi mlikua pamoja? Hebu tuambie, huyu kuku alikuwa nani?"

Eulalie alikuwa amesimama nyuma yangu na kisahani chake. Nilijua yupo, nilisikia kijiko chake. Ningeweza kusema muulizeni huyu hapa. Neno moja tu. Mungu wangu, lakini macho yote yale, yananitazama mimi!

"Tulikuwa majirani," nikasema. "Kuku huyo tulimwiba wawili, mimi na Anselme. Kuku mwekundu, mnene hivi!"

Nikasimulia. Nikaiga shangazi Ursule, nikaiga kuku, na yai nikalitoa hewani kwa vidole viwili. Walicheka wakashikana mabega. Nilikuwa mtamu siku hiyo, sijawahi kuwa mtamu vile. Anselme alikuwa anatazama viatu vyake.

Bibi Chastaing akamgeukia Eulalie. "Na wewe, bibi? Ni ndugu?"

Eulalie akafuta midomo. "Mimi? Mimi nimekuja kupiga tu."

Akaweka kisahani, akavaa glavu, akaja kunibusu shavu hili na hili kama desturi. Kwenye shavu la pili akaninong'oneza, "Alikuwa mweupe, wifi. Siku nyingine ukisimulia, sema mweupe."

Kwenye gari la farasi tukirudi Anselme alisema tu kwamba watu wamependa.

Alhamisi iliyofuata Eulalie hakuja. Si ndicho nilichokuwa nakiomba? Nilioka keki, safari hii kwa ajili yetu wawili, nikafungua mlango wa sebule wazi kabisa. Nyumba ilikuwa yangu na mume alikuwa wangu.

Saa yao ilipofika Anselme akaenda kukaa kwenye piano. Hakukaa katikati. Alikaa ukingoni kushoto, akaanza. Nilidhani anajaribu mkono. Kumbe alikuwa anapiga sehemu yake, kipande baada ya kipande, sauti nene peke yake, na pale wimbo unapotakiwa kuingia anangoja muda wake upite, kisha anaendelea.

Nikaenda nikakaa kulia kwake. Hakugeuka.

"Nifundishe," nikamwambia. "Hata kidole kimoja, mume wangu."

Akaendelea kupiga. Alikuwa amefika kwenye kuku. Wimbo wa kuku naujua wote, nimeusikia kutoka jikoni mwaka mzima. Nikanyoosha kidole, nikabonyeza, na ilikuwa sauti yenyewe, mahali pake hasa.

Anselme akaushika mkono wangu, akautoa kwenye piano taratibu, akauweka mapajani mwangu, kisha akaendelea kupiga.