Manjano Yaliyosagwa kwa Hasira

Wanaosema mstaafu hana madhara hawajanitembelea. Nilisoma mita za maji miaka thelathini na minne, na muda huo wote sikuharibu kitu ila viatu vyangu mwenyewe. Kuharibu nilianza baada ya kustaafu, na nilianza na manjano.

Mpwa wangu tunamwita Mfamasia, kwa kuwa ana cheti ukutani kinachosema hivyo. Ana karakana ya vyumba viwili nyuma ya duka la fundi cherehani, na humo anatengeneza virutubisho vya Ayurveda, tiba ya asili ya Kihindi: manjano, tangawizi, mlonge, pilipili manga, na mzizi mmoja uitwao ashwagandha, unaonuka kama farasi aliyetoka mbioni. Kila kitu kinakaushwa, kinasagwa, kinachekechwa, kisha kinatiwa kwenye kapsuli, sitini kwa kila kopo. Zamani vitu hivi tulivila kwa kijiko. Siku hizi watu hawaamini chakula mpaka kivae gamba.

Kusaga ni kazi ya mama yake, yaani dada yangu mkubwa. Ujanani Dada alikuwa mpishi wa tabibu mmoja wa Ayurveda, na yule tabibu alimwachia jiwe la kusagia pamoja na sharti moja: dawa humsikiliza anayeisaga. Moyo ukiwa mtulivu, saga. Ukiwa na kinyongo, nenda kafue nguo kwanza. Mfamasia aliwahi kuleta mashine ya umeme. Wateja wakarudisha makopo, wakilalamika kwamba tangu wameze hawasikii kitu tumboni ila mngurumo, na mmoja alikuwa anazimika kila umeme ukikatika. Mashine ikatolewa nje, jiwe likarudi.

Jumatatu ile tulikuwa tunangoja kibali. Barua ya ofisi ya vyakula ilikuwa imebandikwa mlangoni: mkaguzi atakuja Alhamisi, na kama hakuridhika, karakana inafungwa siku hiyohiyo. Mfamasia alikuwa ameisoma mara nyingi hadi herufi zikaanza kupauka.

Niliingia saa nne asubuhi. Dada alikuwa ameketi mbele ya jiwe, akiimba puani, na unga wa manjano ukimiminika taratibu. Mtu mwenye akili zake angepita kimyakimya.

"Dada," nikasema, "huo ni wimbo au jino linauma?"

"Mdogo wangu, niko kazini. Toka."

"Natoka. Na hilo jiwe lako linalia kama mbuzi anayetafuna kiatu."

"Nimesema toka."

"Haya, haya. Nilikuja kurudisha sufuria yako tu."

Nikaiweka chini. Dada akaitazama. Nilikuwa nimeiazima miaka miwili iliyopita ikiwa mpya. Sasa ilikuwa na mkono mmoja, na tako jeusi kama sababu zangu za kuichelewesha.

"Mfuniko uko wapi?" akauliza.

"Mfuniko gani tena?"

Nikatoka nikicheka. Nyuma yangu jiwe likaanza kwenda mbio. Dada alisaga kilo tatu kwa dakika arobaini, kazi ya siku nzima, na kwa kuwa kibali kilikuwa kimempanda kila mtu kichwani, hakuna aliyekumbuka kumwambia akafue nguo. Jumanne makopo yalifungwa na kusambazwa. Moja lilipelekwa ofisini kwa mkaguzi, ndio utaratibu.

Jumatano asubuhi simu ikaanza kulia. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mteja wetu wa kudumu, alikuwa amemeza mbili kwa maji ya uvuguvugu, akasimama mbele ya wanafunzi mia sita, na badala ya matangazo akafoka: "Mfuniko uko wapi?" Wanafunzi wakaanza kuutafuta. Kinyozi wa barabara ya pili alimnyoa mteja nusu kichwa, akaweka mashine chini, akamwambia, "Wewe kila ukiazima kitu kinarudi kilema." Muuguzi mmoja, mtoto wa pekee kwao, alizunguka wodi zote akitafuta mdogo wake wa kiume ili amgombeze.

Mimi nilikuwa sokoni. Muuza nyanya nisiyemjua hata kwa salamu alinishika shati. "Ndiye wewe! Ulikaa kwangu wiki tatu, ukatumia mswaki wangu, ukasema ni panya!"

Ilikuwa kweli. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, na muuza nyanya alikuwa hajazaliwa.

Nikakimbilia karakana.

"Mjomba, umemfanya nini mama?" Mfamasia aliniuliza kabla sijaketi.

"Mimi? Nilimsalimia."

"Ulimsalimia vipi?"

"Kwa kirefu kidogo. Labda mkaguzi hajameza."

"Mjomba, yule ni mkaguzi. Kumeza ndiyo kazi yake."

Alhamisi saa tatu mkaguzi akaingia, mtu mpole, na jalada kwapani. Alisalimia vizuri. Alipitisha kidole kwenye rafu akitafuta vumbi. Kisha akaniona mimi pembeni, na uso ukambadilika.

"Wewe!" akasema. "Siku tuliyomzika baba, nani alibaki uani kuosha masufuria ya watu mia mbili? Nani alijilaza kwenye mkeka akikoroma?"

Mkaguzi akajiziba mdomo. "Samahani sana, mzee. Sijui yametoka wapi. Mimi nilikuja kwa habari ya unyevunyevu."

Dada alikuwa mlangoni pa chumba cha ndani. "Hayo sijapata kumwambia mtu," akasema polepole. "Hata jiwe sikuliambia."

"Ulilisagia, mama," Mfamasia akamjibu.

Mkaguzi akatoa muhuri na nta ya lakiri kwenye mfuko wa koti. "Kirutubisho kinachogombeza watu hakina fungu kwenye fomu zangu. Nafunga."

"Tupe saa moja, Bwana Mkaguzi," Mfamasia akamsihi. "Mama atasaga mengine mbele yako."

"Mimi siwezi," Dada akasema. "Tangu jana nimefua nguo zetu, mapazia, na vitambaa vyote vya fundi cherehani. Bado kinyongo kimenikaba hapa."

Wote wakanigeukia.

"Jamani, mimi ni mtu wa mita."

"Keti, Mjomba."

Nikaketi. Nikasaga huku nimekunja uso wa majonzi, ule ninaouvaa misibani. Mfamasia akajaza kapsuli mbili, mkaguzi akameza, akamgeukia Dada kwa tabasamu pana. "Mama, leo umependeza! Umepungua! Na huo mkono wako wa upishi, hakuna mfano wake mji mzima!"

"Huyo ndiye kabisa," Dada akasema. "Unafiki mtupu. Mwaga."

Nikaanza upya. Jiwe la Dada ni zito, na mimi nilizoea kubeba kalamu. Mabega yalianza kuuma, vichekesho vikaniishia kimoja kimoja, na vilipoisha vyote nikabaki na uani kwetu siku ile, na sauti ya sufuria ikigongana na sufuria. Nilisaga mpaka vikapatikana vijiko viwili vya unga.

Mkaguzi akameza. Akakaa. Alipofungua mdomo, sauti ilikuwa ndogo.

"Dada, sikuwa nimelala. Nilikuwa macho. Nilisikia kila sufuria. Niliogopa nikiamka nitalia mbele ya watu, na nilikuwa nimeshajulikana kuwa ndiye mchekeshaji."

Mimi niliangalia sakafu. Dada alijifuta mikono, ingawa ilikuwa mikavu.

"Nilijua," akasema, na hakumwambia mkaguzi, aliniambia mimi. "Kope zilikuwa zinakuchezacheza, mjinga wewe."

"Mbona hukuniamsha?"

"Anayejifanya amelala haamshwi. Sogea, unaniharibia jiwe."

Akaketi mahali pangu, na baada ya muda akaanza kuimba puani.

Mkaguzi alipenga kamasi, akaomba ruhusa ya dakika tano, akatoka nje kumpigia simu dada yake. Zilikuwa dakika hamsini. Aliporudi akafungua jalada.

"Viambato?"

"Manjano, tangawizi, pilipili manga," Mfamasia akataja. Akasita. "Na majuto."

"Kiasi gani?"

"Kwa kopo la leo, vijiko viwili. Ya kila siku hayana."

Akaandika bila kuinua kichwa. Alipofika kwenye fungu la vichafuzi akanitazama kwa muda mrefu, akaandika tena, akapiga muhuri.

Kibali kiko ukutani, kwenye fremu, kila mgeni anakisoma. *Visiruhusiwe kukaribia jiwe kwa hatua kumi: vumbi, ukungu, panya, na mdogo wake msagaji.* Kila miezi mitatu mkaguzi huja kuhakikisha. Vumbi analipima kwa karatasi nyeupe, panya kwa mtego, na mimi kwa futi kamba ya fundi cherehani, kuanzia kwenye jiwe hadi ncha ya kiatu changu. Juzi nilikuwa nimevuka mpaka kwa inchi moja na nusu, maana Dada alikuwa ananisimulia kitu kupitia dirishani na nilitaka kusikia mwisho wake. Mkaguzi alinisogeza nyuma kwa kidole kimoja, akaandika: *kichafuzi kimedhibitiwa*.