Glasi Zilizopinduliwa

Kaka yangu Verlyn alirudi kutoka Madison Ijumaa alasiri, kifua mbele kama bwana harusi. Alikuwa amekwenda huko kuupinga mbele ya wabunge wa jimbo letu la Wisconsin ule muswada wa kumhesabu dereva mlevi kuwa mhalifu tangu kosa la kwanza. Kwa sasa kosa la kwanza ni faini tu, unalipa unakwenda zako.

"Nimewaambia sisi si wahalifu, ni watu wazima!" alisema, na baa yangu nzima ikapiga meza kwa furaha.

Hapa kwetu mtu akikununulia kinywaji, naweka mbele yako glasi ndogo iliyopinduliwa. Ni alama ya kinywaji kilicholipiwa, kinakungoja, na kukiacha ni kumdharau aliyenunua. Mbele ya Verlyn zilijaa, nyingi kutoka kwa Dale na wenzake wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, redio zao za dharura viunoni. Nilizipanga mimi, kwa mkono wangu huu. Nami nikagonga naye glasi mbili za pongezi. Nje theluji ilianza kuganda barabarani.

Binti yake Britta, wa miaka minane, alimaliza samaki wake wa kukaanga, akavaa koti.

"Verlyn, lete funguo. Mtoto nitampeleka mimi."

"Wewe? Si umegonga nami mbili sasa hivi?"

Watu wakaangua kicheko. Nilitamani kumzaba kofi.

"Basi alale hapa, mpumbavu wewe! Huoni barabara?"

"Kwangu ni hapo ng'ambo ya daraja tu, Lorna."

"Mwache shujaa wetu, mama!" Dale akadakia. "Sheria haijapita bado!"

Nilimshika Britta mkono. Baba yake akamwita, mara moja tu, kwa sauti ambayo mtoto habishani nayo. Vidole vyake vikanitoka.

"Kesho, shangazi," alisema.

Nilikuwa bado nafuta kaunta redio zote zilipolia kwa pamoja. Gari limeingia mtoni, pale darajani.

Wanaume waliruka, wakanyakua makoti. Dale alifika mlangoni, funguo za gari la zimamoto mkononi, akasimama. Aligeuka, uso umempauka.

"Nani hajanywa?" akauliza.

Tukatazamana, watu wazima wote, kila mmoja na glasi yake tupu mbele yake.