Haya Gani?

Kwa miaka kumi na mmoja Fundi alikuwa kocha msaidizi wa timu ya raga, na kazi yake ilikuwa skramu tu. Wale wanaume wanane wanaoinama, wakashikana mabega na kusukumana na wanane wa upande wa pili kama watu wanaogombea mlango mmoja, yeye ndiye aliyewapanga. Huyu apeleke mguu nyuma, yule ashushe kiuno, mwingine aache kuguna kama anajifungua. Ndiyo maana wakamwita Fundi. Ukimuuliza habari za skramu, atakueleza mpaka chai ipoe. Ukimuuliza habari za kuwa kocha mkuu, hapo ndipo balaa lake lilipoanzia.

Kocha mkuu alikuwa Mzee. Moyo ulipoanza kumsumbua, daktari alimwambia achague moja, uwanja au uhai, na mkewe akamchagulia. Mwenyekiti wa klabu akamwita Fundi ofisini, akamkalisha kwenye kiti kinachoyumba.

"Zimebaki mechi tatu," akasema. "Ukishinda mbili, wewe ndiye kocha mkuu. Usiposhinda, kuna mtu tunazungumza naye."

Fundi alikitaka cheo kile. Tusizungushe maneno: alikitaka kuliko alivyowahi kumwambia hata mkewe. Kusimama hatua mbili nyuma ya mtu mwingine kwa miaka kumi na mmoja si lelemama.

Shida ni kwamba hakujua Mzee alikuwa akifanya nini hasa. Alikuwa amemwona kwa macho yake mawili, na bado hakujua. Kila mapumziko Mzee aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akazungukazunguka, akaokota soksi ya mtu, akasimama mlangoni. Kengele ikilia, anasema neno moja tu: "Haya." Basi. Wanaume wale wanainuka kwenye mabenchi kama waliokalia siafu, wanatoka, wanashinda. Fundi alinunua daftari jipya, na kwenye ukurasa wa kwanza akaandika neno hilo, Haya, na mbele yake alama ya kuuliza.

Alianza kwa nahodha.

"Alikuwa anatuambia tuone haya," nahodha akajibu, uso umemkunjamana. "Watu wazima tunacheza vile? Mimi nikilisikia, masikio yanawaka moto."

Winga, kijana mwenye mbio kuliko akili, alicheka. "Haya si haya, Fundi? Haya, twendeni! Kuna maana gani nyingine?"

Kabati ndiye aliyemchanganya kabisa. Huyu alikuwa nguzo ya mstari wa mbele wa skramu, jitu la kilo mia moja na ishirini lililopewa jina lile kwa sababu milango mingine lilipita kiubavuubavu.

"Mimi nilisikia kama 'mambo haya nimeyaona, Kabati, usijali.' Nilikuwa natulia moyo."

Nyumbani mkewe alimsikiliza akisoma yale majibu matatu, akaendelea kukunja nguo. "Mume wangu," akasema, "asiyejua maana haambiwi maana." Msaada wenyewe ndio huo!

Mechi ya kwanza Fundi aliamua kuwa yeye mwenyewe. Alihutubia mapumziko yote, akachora mishale ubaoni mpaka ubao ukaonekana umepigwa mvua. Wakafungwa. Mechi ya pili akaamua kuwa Mzee. Akaokota soksi, akasimama mlangoni, akajaza kifua hewa. "Haya," akasema.

Hakuna aliyeinuka. Halafu sauti kutoka nyuma: "Haya nini, Fundi?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Na mechi ile, ajabu ya Mungu, wakashinda! Sasa hapo mtu anajifunza nini? Ukisema kwa busara unapigwa, ukichekwa unashinda. Usiku ule hakupata usingizi, na asubuhi alifunga safari kwenda kwa Mzee, maana mechi ya tatu ilikuwa ndiyo ya kufa na kupona.

Mke wa Mzee alimfungulia mlango. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Karibu, ila usimchokoze moyo." Mzee alikuwa sebuleni, miguu juu ya mto, anatazama mechi kwenye televisheni isiyo na sauti.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuja kukuuliza jambo moja. Wakati wa mapumziko, ulipokuwa ukisema lile neno, ulikuwa na maana gani?"

"Neno gani?"

"Haya."

Mzee alimgeukia. "Nilikuwa nasema haya?"

"Kila mechi, Mzee! Miaka kumi na mmoja!"

"Inawezekana," Mzee akasema. "Mimi mle ndani nilikuwa na shughuli zangu, bwana. Naangalia nani ameshika chupa ya maji kwa mkono asiouzoea. Nani hataki kukaa, kwa sababu anajua hatainuka. Kengele ikilia unanikuta bado naangalia. Labda ndiyo nilikuwa nawaambia haya, tokeni." Akarudisha macho kwenye televisheni. "Kunywa chai."

Fundi alitoka pale na hasira. Aliona amefichwa. Wazee ndivyo walivyo, akajiambia, siri wanakwenda nazo kaburini. Akaenda kuandika hotuba ya kurasa tatu.

Siku ya mechi ya tatu walikwenda mapumzikoni wakiongoza kwa pointi tano, na zote tano zilitokana na skramu, na skramu ilikuwa Kabati. Fundi aliingia chumbani na kurasa zake mkononi. Alianza kuwahesabu wachezaji ili apate kutulia, na alipomfikia Kabati akasimama. Kabati alikuwa akinywa maji kwa mkono wa kushoto. Kabati si mtu wa kushoto.

"Nitazame," Fundi akasema.

Kabati aligeuka mwili mzima, kifua na vyote, kama mlango.

"Sikukwambia ugeuke na mwili. Geuza shingo."

"Imekaza tu, Fundi. Niko sawa."

"Vidole?"

Kabati akavitazama. "Vina ganzi kidogo."

Fundi akaziweka kurasa zake chini. Alijua shingo na alijua ganzi, na alijua pia kuwa mtu wa akiba wa nafasi ile alikuwa kijana mwembamba ambaye angesukumwa mpaka kwao. "Vua njumu," akasema.

"Bila mimi skramu inakufa, unajua," Kabati akanong'ona. "Na cheo chako je? Wote tunajua, Fundi. Niache dakika arobaini tu."

"Nimesema vua."

Mkono wa kulia wa Kabati haukuweza kushika kamba. Fundi akapiga magoti sakafuni, akaanza kufungua lile fundo lililoloa, ambalo lilikataa katakata. Kengele ikalia. Akasema kitu bila kugeuka, wanaume wakatoka, na yeye akabaki na fundo lake. Zile kurasa tatu aliziona baadaye, zimekanyagwa.

Wakafungwa kwa pointi mbili. Walipigana mpaka wengine wakatapika, lakini skramu ilirudi nyuma kila mara. Jumatatu daktari alitazama picha za shingo ya Kabati, akasema skramu mbili tatu zaidi na jamaa angekuwa hasogezi hata kope. Jumanne mwenyekiti alipiga simu: kocha mkuu mpya anakuja, Fundi atabaki na skramu yake. Fundi alishukuru kwa adabu, akakata simu, akaingia bafuni akalia na bomba limefunguliwa.

Kocha mpya alikuwa mtu mpole, mwenye miwani na daftari. Siku ya kwanza ya mazoezi alimwita Fundi pembeni mwa uwanja.

"Kaka, nisaidie. Vijana wananiambia mechi ile ya mwisho uliwaambia neno moja wakatoka kama simba. Ila kila mmoja ana maana yake. Nahodha anasema uliwaambia waone haya. Winga anasema ni twendeni. Kabati yeye anasema lilikuwa lake peke yake. Ulikuwa na maana gani?"

Fundi alikodoa macho. "Neno gani?"

"Haya."

"Nani, mimi? Mimi nilikuwa nafungua kamba za viatu."

Kocha mpya alimtazama kama mtu anayefichwa siri, akaandika. Fundi akachungulia lile daftari: Haya, na alama ya kuuliza. Kitu kikampanda kifuani, kicheko au kilio hakujua, akafungua mdomo amweleze. Lakini kule ng'ambo ya uwanja winga alikuwa akifunga njumu amesimama, mguu juu ya benchi, wakati wenzake wote wameketi.

"Samahani kidogo," Fundi akasema, akaanza kukimbia.